Neno Dharma na Safari Yake

Msomaji mpenzi, yamkini umepata kuisikia methali isemayo, "Baniani mbaya kiatu chake dawa." Ni methali kongwe ya pwani. Yaelekea ilizaliwa katika siku ambazo wafanya biashara wa Kihindu kutoka Kutch na Gujarat walikaa Unguja, Mombasa na Lamu, wakiuza nguo na kukopesha fedha, na vyombo vyao vikija kwa kaskazi na kurudi kwa kusi. Methali hiyo inachekesha kidogo na kuuma kidogo. Mimi huiona kuwa ni ushahidi juu yetu sisi kuliko juu ya Baniani. Tulikaa naye mtaa mmoja miaka mingi. Tulinunua dukani mwake. Tuliazima hata maneno ya lugha zake, hivi kwamba mtu anapohesabu laki au anapopanda gari hakumbuki kuwa ulimi wake unasema Kihindi. Lakini katika hayo yote, tulichokitia katika methali ni kiatu chake. Alilolifikiri juu ya maisha na mauti, juu ya lililo jema na lililo baya, hatukumwuliza.

Katika insha hii nataka tuulize, ijapokuwa tumechelewa. Wala sitajaribu kueleza dini yote ya Kihindu, maana hiyo ni bahari, na mwenye kikombe hana haja ya kujigamba mbele ya bahari. Nitalifuata neno moja tu, kama mtu afuataye mto mmoja tangu chemchemi yake. Neno lenyewe ni dharma. Lakini kabla ya kuondoka, tutenganishe maneno mawili ambayo wengi huyachanganya. Mhindi ni mtu wa Bara Hindi, awe Mwislamu, Mkristo, Singasinga au mtu wa dini nyingine yoyote. Mhindu ni mtu wa dini ile ya kale iliyozaliwa huko. Si kila Mhindi ni Mhindu, na mtu anayelisahau jambo hilo hataelewa hata ukurasa mmoja wa historia ya nchi ile.

Ukimwomba mtu akufasirie neno dharma kwa Kiswahili, huenda akakuambia ni dini. Mwingine atasema ni sheria. Wa tatu atasema ni wajibu, wa nne haki, wa tano ada, wa sita wema. Wote watakuwa wamesema kweli, na hakuna atakayekuwa ameimaliza. Kila moja la maneno hayo hufaa mahali pake, wala hakuna lifaalo mahali pote. Tusimlaumu mfasiri. Kosa si lake. Neno lenyewe limetembea zaidi ya miaka elfu tatu, na kila lilipolala usiku liliamka na mzigo mpya.

Dharma ni neno la Kisanskriti, lugha ya kale ya wanazuoni wa Bara Hindi. Shina lake ni dhri, na maana yake ni kushika, kushikilia, kuhimili. Fikiri juu ya nguzo inayoshikilia paa la nyumba. Ukiiondoa, paa halitakuuliza ruhusa ya kuanguka. Dharma, kwa asili yake, ni kile kinachoushikilia ulimwengu usianguke, na kinachowashikilia watu wasitawanyike. Hapa Kiswahili kinaweza kutusaidia kidogo. Sisi husema mtu ameshika dini, na mtu huyo twamwita mshika dini. Kwetu ni mtu ashikaye. Kwa Wahindu wa kale ilikuwa kinyume: dharma ndiyo iliyomshika mtu, pamoja na jua, mvua na majira ya mwaka. Tofauti hiyo ni ndogo katika sarufi, lakini ni kubwa katika fikira.

Neno hili tunakutana nalo kwanza katika Rig Veda, mkusanyiko wa nyimbo za ibada ulio mkongwe kuliko maandiko yote ya Kihindu. Wataalamu wengi hukisia kuwa nyimbo hizo zilitungwa baina ya mwaka 1500 na mwaka 1000 kabla ya kuzaliwa kwa Kristo. Hazikuandikwa, zilihifadhiwa kwa moyo, baba akimfundisha mwana na mwalimu akimfundisha mwanafunzi, kwa uangalifu mkubwa hata lafudhi isipotee. Humo neno letu lina umbo la zamani zaidi, dharman, nalo hutokea mara sitini na kitu tu. Si nyingi katika nyimbo zaidi ya elfu moja. Neno kubwa la siku hizo lilikuwa jingine, rita, yaani utaratibu wa ulimwengu, ambao mlinzi wake mkuu alikuwa mungu Varuna. Dharman ilikuwa msingi, tegemeo, na mara nyingi desturi za kafara zilizodhaniwa kuutegemeza utaratibu huo. Makuhani walipomimina siagi motoni, waliamini kuwa wanaisaidia dunia isimame.

Karne kadhaa zikapita. Wakatokea watu walioanza kuuliza kama moto na siagi vyatosha. Fikira zao zimo katika vitabu viitwavyo Upanishad. Katika kimoja kilicho cha kale sana, Brihadaranyaka, limo wazo ambalo nakusihi ulishike, msomaji, maana tutalihitaji mbele. Kitabu hicho chasimulia jinsi matabaka ya watu yalivyoumbwa, na nguvu ya watawala ilivyoumbwa, kisha chasema kuwa hayo hayakutosha, ikaumbwa dharma iliyo juu ya nguvu yenyewe. Kwa sababu ya dharma, mnyonge aweza kutumaini kumshinda mwenye nguvu, kama mtu anayekimbilia kwa mfalme. Tena chasema kuwa dharma na kweli ni kitu kimoja. Kumbe zamani zile mtu alikwisha kuona kuwa kazi ya dharma ni kumtetea asiye na mtetezi. Swali la insha hii yote ni kama dharma iliifanya kazi hiyo.

Katika karne ya tano kabla ya Kristo hivi, Buddha alilichukua neno hili akalipa maana yake. Kwa lugha ya wafuasi wake liliitwa dhamma, nalo lilikuwa ni mafundisho yake juu ya chanzo cha huzuni na njia ya kuiondoa. Buddha hakukubali kuwa mtu huwa Brahmana, yaani wa tabaka la makuhani, kwa sababu ya tumbo lililomzaa. Alisema ni mwenendo umfanyao mtu awe hivyo. Wajaini nao walilichukua, na katika falsafa yao dharma ina maana nyingine ya ajabu, ni kitu kisichoonekana kinachowezesha vitu kusogea, kama maji yanavyomwezesha samaki kuogelea. Naitaja hiyo kwa kupita tu, ili uone jinsi neno moja lilivyogombewa. Mtu hagombei kitu kisicho na thamani.

Sasa tumfikie mfalme Ashoka. Hapa nitakaa kidogo, maana si mara nyingi historia hutupa mfalme aliyeungama kosa lake mbele ya watu wake.

Ashoka alikuwa wa ukoo wa Maurya, na alitawala karibu Bara Hindi yote tangu mwaka 268 hivi hata mwaka 232 hivi kabla ya Kristo. Mwaka wa nane baada ya kutawazwa aliishambulia nchi ya Kalinga, iliyo upande wa mashariki katika jimbo liitwalo leo Odisha. Akashinda. Kisha akaamuru habari za ushindi huo ziandikwe juu ya miamba. Wafalme wengi wamefanya hivyo. Huandika idadi ya maadui waliowaua ili wajukuu wajivunie. Ashoka naye aliandika hesabu. Watu 150,000 walihamishwa kwa nguvu, 100,000 waliuawa, na waliokufa kwa njia nyingine walikuwa wengi zaidi ya hao. Lakini hakuandika ili ajisifu. Aliandika kuwa ameingiwa na majuto; kwamba hata mtu mwema aliyesalimika katika vita huumia kwa kuwapoteza jamaa na rafiki zake, na kwamba jambo hilo linamlemea moyoni. Tangu hapo, alisema, ushindi ulio bora ni ushindi wa dharma.

Na dharma ya Ashoka ilikuwa nini? Si kafara, wala si mafundisho ya dini moja. Yeye mwenyewe alikuwa mfuasi wa Buddha, lakini dharma aliyoitangaza mwambani ilikuwa kuwatii baba na mama, kuwatendea vema watumwa na watumishi, kusema kweli, kutoua viumbe ovyo. Alipanda miti kando ya njia na kuchimba visima, na kuagiza dawa za watu na za wanyama. Aliwaonya watu wasiisifu dini yao kwa kuitukana ya wenziwao, kwani atukanaye dini ya mwenziwe huidhuru yake mwenyewe. Tena yapo maandishi yake juu ya jiko la nyumba ya kifalme, ambayo hunifurahisha kila niyasomapo. Anasema kuwa zamani maelfu na maelfu ya wanyama walichinjwa kila siku kwa ajili ya mchuzi wa mfalme. Sasa wanachinjwa watatu tu, tausi wawili na paa mmoja, na huyo paa si kila siku. Na hao watatu nao wataachwa baadaye. Angeweza kudanganya akasema ameacha nyama kabisa. Hakudanganya. Mfalme mzima anaungama kwa raia zake kuwa bado hajawaacha tausi wawili.

Alitaka pia neno lake lifike mbali. Anawataja wafalme wa Kiyunani aliowapelekea wajumbe, na miongoni mwao wamo wawili wa bara letu la Afrika: Ptolemy wa Misri, na Magas wa Cyrene katika nchi iitwayo leo Libya. Huko Kandahar katika Afghanistan, mwaka 1958, yalionekana maandishi yake kwa lugha mbili, Kiyunani na Kiarami. Wafasiri wa mfalme walipata taabu ileile tuliyoipata sisi mwanzoni. Yule wa Kiyunani aliiita dharma eusebeia, yaani uchaji. Yule wa Kiarami alitumia neno lenye maana ya kweli. Watu wawili, mwamba mmoja, tafsiri mbili. Baada ya Ashoka hati hizo zilisahauliwa kabisa, watu wakapita mbele ya miamba wasijue kusoma, hata mwaka 1837 Mwingereza James Prinsep, aliyekuwa mkaguzi wa madini katika kiwanda cha sarafu cha Calcutta, alipofumbua alama zake.

Lakini historia si sifa tupu. Ashoka hakuwarudishia Wakalinga uhuru wao. Katika maandishi yaleyale ya majuto anawaambia watu wa misituni kuwa, ijapokuwa amejuta, uwezo wa kuwaadhibu bado anao. Adhabu ya kifo hakuifuta. Alimpa aliyehukumiwa muda wa siku tatu. Tena, na hili ndilo linalonifikirisha zaidi, katika miamba miwili iliyomo ndani ya Kalinga yenyewe, Dhauli na Jaugada, ungamo lile halimo. Mahali pake yamewekwa maandishi mengine yanayowaagiza maofisa wawatendee watu kwa haki, na yanayosema kuwa watu wote ni watoto wa mfalme. Majuto yalitangazwa kila upande isipokuwa kwa wale waliofiwa. Labda aliona haya, labda aliogopa kuamsha hasira. Msomaji aamue mwenyewe.

Tuondoke kwa mfalme twende kwa washairi. Mahabharata ni utenzi ambao wenyewe huusifu kuwa una beti laki moja, na ulikua polepole kwa muda wa karne nyingi, pengine tangu mwaka 400 kabla ya Kristo hata mwaka 400 baada yake. Ni hadithi ya vita baina ya ndugu wa mababa wawili waliogombania ufalme. Mkubwa wa upande mmoja ni Yudhishthira, ambaye baba yake wa kimbingu ni mungu Dharma mwenyewe, na kwa sababu hiyo huitwa mfalme wa dharma. Mtu huyu asiyesema uongo alikuwa na udhaifu mmoja: kamari.

Siku moja aliitwa kucheza dado barazani kwa binamu zake. Akashindwa mali, akashindwa ufalme. Akawaweka ndugu zake wanne mmoja mmoja, akawapoteza. Akajiweka mwenyewe, akajipoteza, akawa mtumwa. Kisha akamweka mkewe Draupadi, naye akaenda. Mtumishi akatumwa kumwita malkia aje barazani kama kijakazi. Draupadi hakulia kwanza. Alimrudisha mtumishi na swali: Mumewe alijipoteza nani mbele, nafsi yake au yeye?

Litazame vema swali hilo. Ikiwa Yudhishthira alijipoteza kwanza, basi alipomweka mkewe alikuwa mtumwa, na mtumwa hana mali. Awezaje kuchezea kamari kitu kisicho chake? Barazani walikuwamo wazee, walimu na wakuu wote wa nchi. Draupadi alikokotwa kwa nywele hata mbele yao, akaliuliza tena. Bhishma, mzee aliyeheshimiwa kuliko wote na mjuzi wa dharma, alijibu kuwa asiye na mali hawezi kuweka mali ya mwingine rehani. Lakini pia mke huhesabiwa kuwa chini ya amri ya mumewe. Dharma ni kitu chembamba mno, naye hawezi kuamua. Wengine walinyamaza. Kijana mmoja tu wa upande wa adui, jina lake Vikarna, ndiye aliyesimama na kusema kuwa mwanamke huyu hakushindwa kwa haki. Akakemewa akae.

Hadithi inasema kuwa walipojaribu kumvua nguo, kila walipovuta shuka moja ilitokea nyingine, hata wakachoka. Hatimaye mfalme kipofu, baba wa wale binamu, aliposikia mbweha wakilia kwa kisirani, aliogopa akampa Draupadi ruhusa ya kuomba atakalo. Akamkomboa mumewe kwanza, kisha shemeji zake ambao kwa desturi ya hadithi ile ni waume zake pia. Aliposhurutishwa aombe jambo la tatu, alikataa. Na swali lake? Halikujibiwa. Mshairi angaliweza kulijibu kwa ubeti mmoja, akaliacha. Nadhani alijua afanyalo. Alitaka tuone baraza zima la wenye elimu likishindwa na swali la mtu mmoja aliyeonewa, likaificha aibu yake nyuma ya wembamba wa dharma.

Katika utenzi uo huo imo hadithi fupi ya kijana Ekalavya. Alikuwa wa watu wa misituni, Wanishada, waliodharauliwa na watu wa ukoo bora. Alikwenda kwa mwalimu Drona ajifunze upinde, akafukuzwa kwa sababu ya kabila lake. Akarudi msituni, akatengeneza sanamu ya udongo ya mwalimu huyo, akajifunza mbele yake peke yake, hata akawashinda wana wa mfalme. Drona alipopata habari alimwendea akadai ada ya mwalimu: kidole gumba cha mkono wa kulia. Kijana alikikata akampa. Wajibu wa mwanafunzi kwa mwalimu ulitimizwa. Lakini huyo mwalimu hakumfundisha hata neno moja! Wako wasimulizi wanaoisimulia hadithi hiyo kama mfano wa utii. Mimi sijapata kuisoma bila kumwonea Drona haya.

Hapo ndipo tunapoufikia ule upande wa neno hili uliotia watu wengi machozi. Wanazuoni walikwisha kuigawa dharma sehemu mbili. Ipo dharma ya wote: kutodhuru, kusema kweli, kutoiba, usafi, kujizuia. Ipo pia dharma ya kila mtu kwa jinsi alivyozaliwa: Brahmana afundishe na kuendesha ibada, Kshatriya atawale na kupigana, Vaishya alime na kufanya biashara, Shudra awatumikie wote watatu. Katika Bhagavad Gita, ambayo ni sehemu ya Mahabharata, Arjuna aliyekataa kupigana na jamaa zake aambiwa na Krishna kuwa kuifanya dharma yako mwenyewe kwa upungufu ni bora kuliko kuifanya ya mwingine kwa ukamilifu. Mtu aweza kulisoma neno hilo kama faraja: kazi yako ni tukufu hata iwe duni, wala usiishi kwa kumwiga mwenzio. Aweza pia kulisoma kama mlango uliofungwa: baba yako alifagia, nawe fagia. Wote wawili wameisoma Gita, na kwa karne nyingi wa pili alikuwa na fimbo mkononi.

Kitabu kilichoieleza dharma ya pili kwa ukali zaidi ni kile kiitwacho sheria za Manu, chenye sura 12 na beti zaidi ya 2,600, kilichokamilika yapata karne ya pili baada ya Kristo. Humo mwanamke yuko chini ya baba, kisha mume, kisha mwana. Humo wale walio nje ya matabaka manne, Wachandala, wanaamriwa kukaa nje ya kijiji, kuvaa nguo za maiti na kulia chakula katika vyombo vilivyovunjika. Lakini tuwe waadilifu. Manu huyo huyo asema kuwa dharma ina chemchemi nyingi, ikiwamo desturi ya watu wema na ridhaa ya moyo. Na mahali pengine asema kuwa hata dharma yaweza kuachwa ikiwa mwisho wake ni uchungu na watu wanaichukia. Vijiji vingi havikumjua Manu kabisa, vilifuata ada zao. Kitabu kilikuwa kimoja kati ya vingi, na wanazuoni walibishana juu yake kwa kuandika sherehe juu ya sherehe.

Waingereza ndio waliokifanya kuwa kigumu zaidi. Mwaka 1772, Warren Hastings, aliyekuwa gavana wa Bengal, aliagiza kuwa katika mambo ya ndoa na urithi Wahindu wahukumiwe kwa vitabu vyao. Nia yake haikuwa mbaya. Lakini hakimu wa Kiingereza alitaka kitabu kimoja chenye jibu moja. Wanazuoni 11 wakakusanya sheria, zikafasiriwa kwa Kiajemi, na kutoka Kiajemi zikageuzwa Kiingereza na Halhed zikapigwa chapa mwaka 1776. Mwaka 1794 William Jones alitoa tafsiri yake ya Manu. Sisi wa Afrika Mashariki twaweza kulielewa jambo hilo bila kuelezwa sana, maana hata huku desturi za makabila, zilizokuwa zikinyumbuka kwa hekima ya wazee, ziligeuka chuma pale zilipoandikwa katika daftari la Bwana Shauri.

Hata hivyo mlango haukufungwa kabisa. Ishwar Chandra Vidyasagar, mwanachuo Brahmana wa Bengal, alihuzunishwa na hali ya wajane wadogo waliokatazwa kuolewa tena maisha yao yote, wengine wakiwa bado ni watoto. Angeweza kusema kuwa dharma ni upuuzi. Badala yake alipekua vitabu vya kale, akapata katika kitabu cha Parashara ruhusa ya mjane kuolewa tena, akaitangaza mwaka 1855. Walioweka sahihi kumpinga walikuwa wengi mno kuliko waliomwunga mkono. Sheria ya kuruhusu ndoa za wajane ilipitishwa mwaka 1856.

Wa mwisho nitakayemtaja hakupekua vitabu ili apate ruhusa. Bhimrao Ambedkar alizaliwa mwaka 1891 katika jamii ya Wamahar, waliohesabiwa kuwa najisi. Shuleni alikaa peke yake juu ya gunia alilolileta kutoka nyumbani. Hakuruhusiwa kugusa bomba la maji; tarishi wa shule alipokuwapo alimfungulia, na asipokuwapo mtoto alishinda na kiu. Mtoto huyo alikuja kusoma katika vyuo vikuu vya New York na London, akarudi na shahada za udaktari na uwakili. Machi 1927 aliongoza maelfu ya watu wake hata kwenye bwawa la mji wa Mahad, ambalo baraza la mji lilikwisha kulifungua kwa watu wote, lakini katika karatasi tu. Akainama, akanywa maji kwa kiganja. Wenye matabaka ya juu wakapiga watu, kisha wakalitakasa bwawa kwa mavi na mkojo wa ng'ombe. Desemba 25 ya mwaka huo huo, mjini Mahad, mkutano wake ulikichoma moto kitabu cha Manu. Aliyetoa hoja kichomwe alikuwa mwenzake aliyezaliwa Brahmana. Ilipita miaka kumi mahakamani ndipo haki ya kunywa maji yale ilipothibitishwa, mwaka 1937.

Gandhi naye alichukia unajisi huo na kuupiga vita, lakini aliamini kuwa dharma ya Kihindu yaweza kusafishwa kutoka ndani. Ambedkar alikuwa amekwisha kukata tamaa. Mwaka 1935 alitangaza kuwa alizaliwa Mhindu bila hiari yake, lakini hatakufa akiwa Mhindu. Wawili hao walibishana kwa miaka, na naona kila mmoja alikuwa na la kumwambia mwenziwe. Ila Ambedkar ndiye aliyejua ladha ya kiu.

India ilipokaribia uhuru, Julai 22, 1947, bunge la kutunga katiba liliichagua bendera yenye gurudumu la spoki 24 katikati, lililotolewa katika nguzo ya Ashoka ya Sarnath. Ni gurudumu la dharma. Mwenyekiti wa kamati iliyoandika rasimu ya katiba alikuwa Ambedkar, na kifungu cha 17 cha katiba hiyo, iliyoanza kutumika Januari 26, 1950, kilifuta desturi ya kumhesabu mtu kuwa najisi. Kufuta katika kitabu si kufuta kijijini, na mpaka leo habari za watu kupigwa kwa sababu ya maji au ya ndoa hazijakoma.

Oktoba 14, 1956, mjini Nagpur, mbele ya laki kadhaa za watu waliovaa nguo nyeupe, Ambedkar aliiacha dini ya Kihindu akaingia katika dini ya Buddha, na umati ule ukamfuata. Siku hiyo aliichagua kwa makusudi, kwa kuwa ni siku ambayo wafuasi wa Buddha wa India huikumbuka kuwa ya Ashoka. Majuma saba hivi baadaye, Desemba 6, alifariki. Kitabu alichokuwa akikiandika kilichapishwa mwaka uliofuata. Mtu aliyeshuhudia Manu akichomwa moto, aliyeiacha dini ya baba zake mbele ya ulimwengu, angaliweza kuchagua jina lolote kwa kitabu hicho. Kinaitwa Buddha na Dhamma Yake.